NANI ANAKUSAIDIA KUTENGENEZA KAZI YAKO?

Usalama na Afya

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama mwenye kusoma gazeti hili mbele ya bwana kurudi kutoka posti ya asubui, leo hatutasema juu ya kaske wala juu ya bote. Juu ya vile tumekwisha kusema sana. Leo tunataka kusema juu ya jambo lenye halipatikani ku magazini ya vifaa, na lenyewe ndilo linaamua kama vifaa vile vitakusaidia ao vitabaki kutundikwa ku musumari. Ni namna wewe na wenzako munaishi ku kazi.

Kila mutu, siku yenye anaandikwa, anapewa maelezo: utasimama hapa, utashika hiki, utaanza na hiki, utamaliza na kile. Maelezo yale ni ya lazima. Lakini wewe mwenyewe unajua kama kisha miezi michache hakuna mutu mwenye anafanya kazi yake kamili vile aliambiwa siku ya kwanza. Mumoja amegeuza upande wa kusimama kwa sababu bega la kuume linamuuma. Mwingine amefunga mupira wa maji na waya kidogo ili usimuangushe. Wawili wamepatana: wewe utabeba sasa, mimi nitabeba kisha saa ya kula. Dereva amejua kilima gani kinachosha mafreni na anakipanda na kukishuka kwa namna yake. Mambo haya hayakuandikwa popote, ni ninyi wenyewe muliyatia. Shefu hayaoni yote, na mara ingine akiyaona anakasirika.

Mimi sikasiriki. Ku dispanseri ninaona kama mutu mwenye hageuzi hata kitu kimoja ku kazi yake anachoka mbio kupita wengine. Mugongo wake unakauka, na akili yake inazoea kulala hata macho yakiwa wazi. Basi sitakuambia: fuata karatasi na usiwaze. Swali langu ni lingine. Unageuza kazi yako pamoja na nani, na nani anajua kama umeigeuza?

Wenye elimu wamekwisha kuandika juu ya jambo hili. Mwaka 2001, walimu wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, walieleza namna wafanyakazi wanatengeneza upya kazi zao bila kungojea mukubwa. Kati ya mifano yao kulikuwa wafagiaji wa lopitali. Wote walikuwa na kazi moja na maelezo yaleyale. Wamoja walisema: kazi yetu ni kufagia, basi, na walikwepa kuzungumuza na watu. Wengine walifagia vilevile, lakini walisalimia wagonjwa, walionyesha wageni njia, walipanga saa zao kufuatana na kazi ya waganga, na walijiona kuwa watu wa kuponyesha pia.

Kwa kuamini maneno hayo sikuhitaji kufika Marekani. Mama mwenye anafagia dispanseri yetu ndiye anajua wa kwanza mugonjwa gani alikataa chakula usiku, na mimi ninamuuliza kila asubui mbele ya kufungua daftari. Lakini ona vizuri: mama yule anaweza kupanua kazi yake namna ile kwa sababu anajibiwa. Munganga akimufukuza mara mbili na kumuambia "kila mutu na kazi yake", mara ya tatu atafagia na kunyamaza. Kazi yake itarudi kuwa ndogo, na mimi nitakosa habari ya mugonjwa.

Mufano mwingine unatugusa zaidi, kwa sababu ni wa watu wa mugodi. Mwaka 1951 huko Uingereza, Eric Trist na Ken Bamforth waliandika juu ya machimbo ya makaa ya mawe. Huyu Bamforth hakuwa mutu wa buro tu, alikuwa amefanya kazi ya mugodi miaka 18. Walieleza namna mbili za kazi. Namna ya zamani ilikuwa hivi: wachimbaji wawili walifanya kazi pamoja, na musaidizi wa kusukuma makaa. Walijichagua wenyewe. Walipatana wenyewe nani anafanya nini, lini wanapumuzika, namna gani wanatega miti ya kushika mwamba. Watu walibaki pamoja miaka mingi. Na mutu akiumia ao akikufa, haikuwa ajabu kuona mwenzake akichunga jamaa yake.

Kisha masini zikaingia, na kazi ikapangwa upya. Mbele ya ukuta mumoja wa makaa, wenye urefu wa mita 160 ao zaidi, waliwekwa watu 40 mupaka 50, wakagawanywa ku posti tatu. Posti moja ilikata, ingine ilisogeza masini ya kubeba makaa, ingine ilijaza. Mwenye kukata hakuonana na mwenye kujaza. Mwenye kujaza alipewa kipande chake cha ukuta, na alikuwa peke yake katika giza. Kama posti ya mbele iliacha kazi mbaya, wewe ndiwe uliikuta, na hukuwa na mutu wa kuuliza. Unafikiri watu wakafanya nini? Waligeuza kazi yao vilevile, kwa maana mutu hakosi kuigeuza, lakini sasa kila mutu aliigeuza kwa kujiponyesha mwenyewe. Aliacha kipande kibaya kwa wenye kuja kisha yeye. Alimupatia shefu kitu kidogo ili apewe fasi nzuri. Ao alikosa kazi, akabaki nyumbani. Wale wawili wa Uingereza waliandika yote hayo.

Tena, kulikuwa mugodi mumoja wa jimbo la Yorkshire, ku musitari wa makaa wenye kuitwa Haighmoor, fasi wachimbaji na wakubwa wao walikuta njia ya katikati. Masini zilibaki. Lakini watu walirudishwa katika ekipe zenye kupanga kazi yao wenyewe, wenye kujua kazi za wenzao na kubadilishana kazi na posti. Trist aliona kama kule watu wenye kukosa kazi walikuwa wachache, na ajali zilikuwa chache. Ninapenda sana habari ile kwa sababu hakuna mutu mwenye alitupa masini inje. Waligusa tu namna ya kuweka watu pamoja.

Sasa turudi kwetu. Mimi ninaona ku mugodi na ku mausini watu wanageuza kazi yao kwa namna tatu, kufuatana na vile wanaishi na wenzao na kapita wao.

Ya kwanza ni kugeuza kwa woga. Kapita ni mutu wa makelele. Mufanyakazi akimuambia, "Shefu, hii ngazi inateleza, afazali tupite upande ule", jibu ni moja: "Nani alikutuma?" Ndugu, neno lile dogo limefunga vinywa kupita kufuli. Mutu mwenye aliulizwa "nani alikutuma" hatasema tena. Lakini ngazi inaendelea kuteleza. Basi atapita upande mwingine kwa kificho, wakati kapita hayuko, bila kamba, bila mutu wa kumuangalilia. Alitaka kukwepa hatari ndogo, na sasa yuko katika kubwa. Akianguka ataletwa kwangu na atasema, "Nilijikwaa." Ninafunga kidonda, ninaandika "alijikwaa". Ngazi haiandikwi, na kesho mwingine atapanda.

Ya pili ni kugeuza kwa urafiki wa kufichana. Hii ndiyo inanitesa zaidi, kwa sababu inaonekana kuwa upendo. Chukua watu wawili wa masini ya kutoboa mawe. Masini ile inatoboa na maji, na maji yako pale kwa kazi moja: kukamata vumbi mbele liruke. Lakini maji yanalowesha, yanaleta matope, yanatia baridi ku magoti. Mumoja anamuambia mwenzake, "Tufunge maji kidogo, tumalize mbio." Mwenzake anajua kama si vizuri. Lakini ni rafiki, walikula pamoja, alimukopesha feza ya masomo ya mutoto. Ananyamaza. Siku ingine ni yeye anafunga maji na ni rafiki ananyamaza. Kisha mwezi mumoja imekuwa desturi ya wale wawili, na hakuna mutu mwenye alikubali kwa kinywa.

Kwa nini ninatia nguvu sana juu ya vumbi? Kwa sababu vumbi baya si lile unaona ku nguo. Lile kubwa linashikwa ku pua na ku koo, unalitema. Lenye kuua ni lile dogo lenye jicho haliwezi kuona. Linashuka mupaka chini ya mapafu na kubaki pale. Mapafu yanafanya vikovu, pole pole, miaka kumi, miaka makumi mawili, na ugonjwa ule unaitwa silikozi. Hakuna dawa yenye kuuondoa. Hata mutu akiacha kazi, vikovu vinaweza kuendelea. Na kifua kikuu kinapenda sana mapafu yenye silikozi. Mwenye ugonjwa huo anakamatwa nacho mbio kupita mutu mwingine, na anaweza kukitia ku watoto wenye kulala naye nyumba moja. Basi rafiki mwenye alinyamaza siku ya maji hakumusaidia mwenzake. Lakini nani atamulaumu? Matokeo hayatakuja leo, hayatakuja mwaka huu, na siku yenye yatakuja watu wale wawili pengine hawatakuwa tena ku ekipe moja.

Ya tatu ni kugeuza mbele ya macho ya watu. Nitakupa mufano moja wenye nimeona. Fasi moja ya makelele mengi, wafanyakazi wawili walikuwa wakitoa vizibo vya masikio kila saa, kwa sababu walitaka kusikilizana. Ninyi munajua shauri langu juu ya makelele: kama lazima upige kelele kwa kusikilizana na mutu mwenye kuwa mita moja na wewe, masikio yako yanaharibika. Wenye elimu wanaweka mupaka ku desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zenye kuongezeka zinapunguza saa zile nusu. Basi desibeli 88, saa 4; desibeli 91, saa 2. Kutoa kizibo "kidogo tu" hakuko kidogo. Watu wale wawili walipatana alama za mukono: hii ni "simama", hii ni "lete", hii ni "niko na taabu". Vizibo vikabaki masikioni. Hapo walikuwa wametengeneza kazi yao vizuri kupita maelezo, maana maelezo hayakufikiri kama watu wanahitaji kusema.

Lakini mufano ule ulikuwa na kidonda ndani. Mumoja alienda likizo. Akaja mwenye kushika fasi yake. Yule hakujua alama hata moja, na mubaya zaidi, alama yao moja ilikuwa karibu kufanana na alama ya kawaida ya mugodi yenye maana ingine. Hakuna mutu mwenye aliumia. Kapita aliona musukosuko, akasimamisha kazi, akauliza. Na, ninamushukuru, hakuuliza "nani aliwatuma". Aliuliza, "Ninyi munafanya namna gani?" Walimuonyesha. Alibadilisha ile alama moja, akaitia ekipe yote kuzijifunza, akapelekea watu wa sekirite karatasi.

Kufuatana na hayo mimi ninapima kila kugeuza kazi kwa kipimo kimoja, na ninawaomba mukijaribu kwa juma moja. Fikiri mutu mwenye atakuja kesho fasi yako. Je, unaweza kumueleza, mbele ya kapita, yote yenye umegeuza, bila kuona haya na bila kutazama nyuma? Kama ndiyo, yamkini umetengeneza vizuri. Kama unasema moyoni, "hiyo sitamuambia", basi kile kitu ukirudishe vile kilikuwa, leo.

Kuko vitu vyenye havigeuzwi hata na watu kumi wenye kupatana. Maji ya masini ya kutoboa. Kugonga mwamba wa juu na kusikia sauti yake mbele ya kuingia. Kungojea kisha baruti kulipuka, mupaka moshi utoke na mwenye mamlaka aseme ingia. Kufuli yenye kufunga umeme wakati mutu yuko ndani ya masini. Kufuli ile ni ya mwenye aliitia, haifunguliwi na rafiki kwa kumusaidia. Na asidi: mwenye kufanya ku fasi za kutengeneza shaba anajua. Miwani haitolewi kwa sababu ya jasho. Asidi ikikugusa, maji mengi mara moja, dakika 20 kwa uchache, nguo zenye kulowa zitolewe, na kisha kuja kwangu. Usianze na kuja kwangu.

Lakini mengine yote, na ni mengi, ninaona heri tuyaachie watu wa kazi wenyewe kuyapanga: nani anabeba mbele, vyombo viwekwe upande gani, saa gani ya kupumuzika, nani anafundisha mugeni, nani anabadilishana na nani ili mikono ya mutu mumoja isitetemeke na masini posti nzima. Mitetemo ile inafinya mishipa ya damu. Vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, zaidi wakati wa baridi. Kubadilishana kunasaidia kupita dawa yenye niko nayo ku kabati.

Sasa kuna neno gumu. Urafiki wa kazi unahitaji wakati, na siku hizi wakati umepunguka. Wazee wetu walikaa ku ekipe moja miaka kumi, kumi na tano. Waliishi katika kambi moja, watoto wao walisoma pamoja. Kulikuwa mabaya mengi wakati ule, sitasifu yote. Lakini muzee alimujua kijana, na alimufundisha mambo yenye hayako ku kitabu. Mwaka 2003 Gécamines ilianza mupango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Watu walihesabu feza yenye walipewa, kama ilitosha ao haikutosha. Sikusikia wengi kuhesabu maarifa yenye walienda nayo nyumbani.

Leo, ku machimbo mengi ya Haut-Katanga na Lualaba, wafanyakazi wengi hawako na kontra ya kompani yenyewe. Wako chini ya kompani ndogo zenye kupewa sehemu ya kazi. Kontra ni ya miezi michache. Katika ekipe moja unaweza kuona kaske za rangi tatu, na watu wa kompani tatu, na kila mumoja na mukubwa wake. Mara ingine shefu hasikii Kiswahili wala Kifaransa, wanasemeshana kwa vidole. Mufanyakazi wa namna ile ataweza kusema na nani kama ngazi inateleza? Yule wa kaske ya rangi ingine anamuona kuwa mupita njia. Kapita wake yuko mbali. Kontra inaisha mwisho wa mwezi, na anajua kama mwenye kusema sana haandikwi tena. Basi ananyamaza, anageuza kazi kwa kificho, na vidonda vyake vinakuwa "nilijikwaa".

Ninasema wazi: ninaona ni hatari kupita mwamba wenye kulegea, kwa maana mwamba tunaugonga na kuusikia. Wewe mwenye kontra ya kudumu, ndugu yule wa kaske ingine anasimama chini ya mwamba uleule na wewe. Mwite jina lake. Mukule pamoja. Mufundishe alama zenu siku ya kwanza, usingojee siku ya tatu. Hakuna mukubwa mwenye atakukataza hilo.

Ku wakubwa wa ekipe niko na maombi mafupi. Mutu akileta shauri mbaya, mujibu kwa nini ni mbaya, halafu mumushukuru. Mutu mwenye alileta shauri mbaya na akajibiwa vizuri ataleta nzuri kisha. Na mutu akisema ukweli juu ya namna aliumia, musianze na malipizi. Ikiwa mutu alivunja sheria kwa makusudi, muko na njia zenu. Lakini mukipiga kila mwenye kusema, mutabaki na wanyamavu, na mimi nitabaki na wagonjwa wenye "walijikwaa".

Tuko na sheria pia. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka komite ya usalama na usafi ku kazi. Na Patano namba 176 lenye lilikubaliwa Geneva mwaka 1995 juu ya usalama wa machimbo linasema kama mufanyakazi wa mugodi ana haki ya kuondoka fasi yenye anaona, kwa sababu ya kweli, hatari kubwa ya maisha ao ya afya yake. Vizuri sana. Lakini ninaona kama komite yenye haijui watu wa posti ya usiku haisaidii posti ya usiku. Wenye kuchaguliwa ku komite washuke, wakae na watu dakika chache, wasikie majina.

Mama, sikukusahau. Bwana akitoka posti ya usiku, kazi yake haiishe ku mulango wa mugodi; kuko kazi ya kulala. Mutu mwenye alilala saa tatu kati ya makelele ya watoto na redio atarudi ku masini na macho mazito. Mimi ninajua kartie moja fasi wamama wa nyumba tano walipatana: asubui watoto wa wale wenye bwana zao walifanya usiku wanachezea upande wa nyumba za wengine, na juma lenye kufuata wanageuza. Wale pia walitengeneza kazi ya mugodi, na hawajawahi kushuka mu shimo. Nguo za kazi, zikiingia nyumbani, zisipigwe-pigwe ndani kwa kuondoa vumbi. Uziloweshe mu maji mbele ya kuzifua, mbali na fasi watoto wanalala. Na ukiona bwana anakohoa mwezi mzima, ao anaongeza sauti ya redio kila juma, usimungojee yeye kukubali. Mulete. Wanaume hawasemi kwa wenzao, wanaogopa kuitwa wazembe. Wewe umesikia kikohozi chake usiku, nami sijakisikia.

Shefu mumoja, mutu mwema, aliniambia juzi: "Munganga, nikisikiliza kila mutu, kazi itaanza saa ngapi?" Tulihesabu pamoja, na sasa ninawaandikia hesabu ile. Ekipe yake iko na watu 12. Dakika 10 kila mwanzo wa posti, kwa kusema nini kiligeuzwa jana na nini kinateleza leo, ni dakika 120 za kazi, maana yake saa 2. Mwezi wa posti 24 unafanya saa 48. Kisha tulitazama daftari yangu. Mutu mumoja wa ekipe yake aliungua na asidi ku mukono miezi miwili mbele, alikaa nyumbani juma tano. Posti 6 kwa juma, saa 8 kwa posti: saa 240, mukono mumoja, bila kuhesabu mwenye alishika fasi yake na bila kuhesabu maumivu. Mutu yule alikuwa amegeuza namna ya kumimina kwa sababu chombo kilikuwa kizito kwake peke yake, na hakutaka kumuomba mwenzake, walikuwa wamekosana juu ya deni. Shefu alitazama daftari kwa muda. Aliniuliza jina la yule mwenzake. Nilimuambia haliko katika daftari yangu, lakini ekipe yake yote inalijua, na posti inaanza kesho saa kumi na mbili.